Mwoga Kwanza

Ghorofa ya kwanza, mlango wa pili,
Juu ya duka la fundi cherehani.
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni yangu na hii ya pili ni ya wanangu wawili, ambao wameniambia nisisahau kuwaandikia kisha wakakimbilia kucheza. Hujambo? Umeamkaje? Miguu inasemaje siku hizi? Yule kuku wako kilema bado anaingia mpaka chumbani kama mwenye nyumba? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mafua yalimpitia kila mtu mara moja, yakatosheka, yakaondoka.

Na wewe wifi yangu, unayemsomea Shangazi barua hii, nakusalimu sana. Nakuomba kitu kimoja tu: usiruke mstari hata akikuamuru. Atakuamuru, namjua.

Afya yako naiulizia kwa makusudi, Shangazi. Binamu, mwanao, ameninong'oneza kwamba tangu mwezi wa kumi na moja unatafunia upande mmoja, mkate mpaka uuloweke kwenye chai, na ukijilaza unalalia kiganja. Akikuuliza, unasema ni umri. Mimi nikipiga simu tunaongea vizuri kabisa mpaka nitaje jino, na hapo mtandao wa kwako unakatika. Mara tatu! Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua haina mtandao, na leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Lakini kwanza nikupe habari zangu, isije ikaonekana nimebisha hodi kwa ajili ya jino tu.

Lile ghala la saruji nilikokuwa karani lilipofungwa, nilikaa nyumbani miezi mitatu nikifuta vumbi ambalo halipo. Kisha nikaona tangazo la mafunzo ya miezi sita ya kazi za ofisi katika kliniki ya meno: mapokezi, mafaili, simu, kupanga miadi. Nilicheka peke yangu mbele ya ubao wa matangazo. Meno! Mimi niliyelelewa kwenye benchi lako! Nikajiandikisha siku hiyohiyo. Sasa niko mwezi wa nne. Asubuhi tunakaa darasani, mchana tunapelekwa kliniki ya kweli tukajifunze kwa vitendo. Tuko kumi na wawili na mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Wenzangu wananiita Mama Mkuu, nami naitika.

Ungeona tunayofundishwa. Kinywa cha mtu kimegawanywa robo nne, na kila jino lina namba yake kama nyumba za mtaani. Kwenye mchoro, kushoto kwa mgonjwa ni kulia kwa karatasi, kwa sababu amechorwa kana kwamba amekukabili. Wiki ya kwanza nilimwandikia mtu jino la upande usio wake. Daktari akaja mapokezi na karatasi mkononi, akanitazama juu ya miwani, akaiweka mbele yangu na kurudi ndani. Heri angenigombeza. Siku hizi nikiandika jino la mtu najishika shavu langu kwanza, ndipo naweka kalamu kwenye karatasi. Gego lako wewe, kwa maelezo ya Binamu, ni la chini kushoto, la sita ukihesabu kutoka katikati. Sisi tunaliita thelathini na sita: robo ya tatu, jino la sita.

Simu ndiyo iliyonitoa jasho. Kazi yenyewe ni kumpigia mgonjwa siku moja kabla na kumkumbusha miadi yake. Nikampigia bibi mmoja. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza habari za nyumbani, akanipa. Akaniuliza zangu, nikampa. Tukafika kwa wajukuu, tukapitia kwenye mvua, tukaombeana heri, nikakata simu moyo mweupe. Kumbe mwalimu wetu amesimama nyuma yangu. Tunamwita Kalamu Nyekundu, na jina lenyewe linajieleza. Akaniuliza, "Umemwambia aje lini?" Shangazi, nilikuwa nimesahau kutaja siku! Darasa zima lilicheka mpaka mmoja akashikwa na kwikwi. Ikabidi nimpigie tena yule bibi, naye akaanza upya na salamu.

Usinicheke, wewe ndiye uliyenilea hivyo. Kwako mtu hakuombwa hata chumvi kabla ya kuulizwa alivyoamka.

Nakukumbuka sana siku hizi, kuliko hata ulipohama. Mchana nikikaa pale mapokezi, wagonjwa wamejipanga ukutani kila mtu na shavu lake, mimi siko pale. Niko uani kwako wakati wa likizo, tumejazana kwenye lile benchi la nyuma ya jiko, lenye tofali chini ya mguu mmoja. Naona kile kikombe cha bati cha maji ya chumvi, kitambaa cheupe begani kwako, na ule uzi mweusi uliokuwa ukiutoa kwenye cherehani. Ulikuwa unatupitia mmoja mmoja, unatikisa jino kwa kidole, unasema, "Hili bado," au, "Hili limeiva." Nyuma yako redio inaimba na sufuria inachemka. Natamani hata ile harufu ya moshi kwenye mikono yako.

Kisha ulikuwa unatazama nyuso. Hukuanza na aliyewahi kufika. Ulianza na yule anayetetemeka. "Mwoga kwanza," unasema, "shujaa atangoja." Ukifunga uzi, unahesabu moja, mbili, na tatu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia. Mimi nilikuwa wa kwanza kila mara. Miaka yote hiyo nilidhani ni kwa sababu unanipenda kuliko wengine.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Kalamu Nyekundu alitupa zoezi: wagonjwa kumi, daktari mmoja, siku moja, wapangie saa zao. Kanuni tulikwisha kufundishwa. Kazi ndefu ziwe asubuhi daktari akiwa na nguvu, na wa kuangaliwa tu wajaze mapengo. Mimi saa ya kwanza kabisa nikamwandika mama mmoja wa kuzibwa kijino kidogo, dakika ishirini tu, kwa kuwa kwenye maelezo yake palikuwa na maneno mawili: ana hofu. Karatasi ilirudi imejaa wekundu. Nikaitwa kujieleza. Nikasema, "Mwoga kwanza, mwalimu." Akanijibu kwamba hiyo haimo kitabuni. Ni kweli haimo, nilirudi nikatafuta.

Ikawa kliniki tuna mgonjwa mmoja fundi wa magari, pandikizi la mtu. Zaidi ya hapo simtaji, maana tunafundishwa kwamba ya mgonjwa hayavuki mlango. Mara mbili alikuja, akakaa, akasikia mashine inalia kule ndani, akaniambia anakwenda kuangalia kama amefunga gari. Hakurudi. Mara ya tatu nikamwandika saa mbili kamili, mtu wa kwanza. Alipofika hapakuwa na foleni, mashine haijawashwa, na kiti cha kukalia akiwaza sikumpa. Nilimwita akiwa bado anafuta viatu mlangoni. Baada ya nusu saa akatoka shavu limekufa ganzi, anataka kucheka na nusu ya mdomo inakataa. Kalamu Nyekundu alikuwepo siku hiyo kunikagua. Akaniuliza ile habari ya mwoga nimeitoa wapi. Nikamwambia ni ya shangazi yangu, akaiandika kwenye daftari lake, tena kwa kalamu ya bluu. Nilitamani ungekuwepo umwone.

Wifi, hapa soma polepole, na ikiwezekana funga mlango.

Shangazi, unakumbuka nilipokuwa na miaka tisa, Baba alipokupeleka kwa daktari wa meno? Alituacha pale, mimi na wewe, akaenda kazini kwake. Ulivaa lile gauni la maua ya njano, mkoba umeuweka mapajani. Mbele yetu walikuwa watu kumi na wanne, niliwahesabu. Kila mlango ulipofunguliwa, mkono wako ulibana wangu. Tulikaa toka asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, ndipo mhudumu akatoka na kuita jina lako. Hukuitika. Akaita tena. Ukamtazama usoni bila kupepesa, ukasema, "Ametoka kidogo."

Basi na sisi tukatoka kidogo, moja kwa moja mpaka nyumbani. Njiani ulicheka mpaka ukaegemea ukuta wa watu. "Kwa mwoga huenda kicheko," ukaniambia, "na ukimwambia baba yako, nitakung'oa yote yaliyobaki." Nami nilicheka, nikaona hakuna mtu mzima mwenye mzaha kama wewe. Sikumwambia Baba mpaka tukamzika. Siri hiyo nimeitunza miaka thelathini, kabla hata sijafundishwa kutunza siri za wagonjwa.

Jumanne iliyopita niliita jina la mama mmoja pale kliniki. Chumba kilikuwa kimejaa, alikuwa amengoja saa mbili na zaidi. Akanitazama usoni, akasema, "Ametoka kidogo."

Shangazi, nikasogea karibu naye. Nikautazama mkono wake ulivyoukaba mkoba, vifundo vimekuwa vyeupe, nikajua kwamba siku ile hukuwa na mzaha hata chembe. Ulikuwa unaogopa. Uliogopa tangu asubuhi, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kukutazama uso na kukutanguliza. Wewe uliyetutanguliza sisi sote walikuweka wa kumi na tano, na wa kukushika mkono alikuwa mtoto asiyeelewa kitu. Yule mama nilimfuata nje, nikampangia asubuhi ya kesho yake, na alikuja. Kisha nikaingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Najua utasema mganga hajigangi. Sawa, ndiyo maana tunakupeleka kwa mganga mwingine. Najua pia utasema siku hizi limetulia. Nilimuuliza daktari bila kukutaja: jino lililouma wiki nyingi kisha likanyamaza, je, limepona? Akasema kunyamaza si kupona. Linaweza kuwa limekufa ndani na usaha unatafuta pa kutokea. Likishughulikiwa mapema ni kazi ya saa moja, likiachwa linaweza kuvimbisha uso na kukulaza hospitali. Alisema hivyo huku anakunywa chai, na mimi chai yangu nikaiacha mezani. Nakwambia wazi, naogopa. Baba hayupo. Wa kunigombeza kwa mapenzi umebaki wewe peke yako.

Basi tega sikio, maana safari hii sikati kabla ya kutaja siku. Ni Alhamisi, tarehe 20 mwezi huu. Binamu anakuja huku kikazi Jumatano ya tarehe 19, nimekwisha kuongea naye, utafuatana naye. Utalala kwangu, kitanda cha karibu na dirisha, na wanangu nimewaonya wasikuamshe kwa makelele. Alhamisi asubuhi tutakwenda wawili kwa miguu, ni mwendo wa dakika kumi, njia ina kivuli. Sindano ya ganzi sitakudanganya, inachoma kidogo, halafu shavu linakuwa kama la jirani. Daktari ana mikono miepesi. Nimemwambia kuna mgonjwa mmoja anakuja ambaye akimhesabia ni lazima afike tatu.

Humu ndani ya bahasha nimekuwekea kadi ya miadi. Wifi, itoe umpe aishike. Nimeijaza mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa mitihani. Saa ni mbili kamili, mlango unapofunguliwa. Mbele yako hakuna mtu, na benchi hutalikalia. Kwenye mstari wa maelezo, pale tunapoandika mambo ambayo daktari anatakiwa kuyajua, nimeandika maneno mawili, na sikuyatoa kitabuni.

Nisalimie Binamu, mwambie asante kwa umbea wake. Nisalimie wajukuu wote, na yule mdogo aliyeng'oka meno ya mbele mwambie asiyaonee haya mapengo, sote tulipita hapo. Msalimie na jirani yako mwenye redio. Wifi, nawe Mungu akuzidishie uvumilivu, maana najua barua hii umeisoma huku unakatizwa. Shangazi, Mwenyezi Mungu akulinde, akupe safari njema, akurudishie ladha ya chakula, na akuache nasi miaka mingi utugombeze.

Mhudumu atakayetoka na kuita jina lako siku hiyo ni mimi. Uitike.

Mwoga wako wa kwanza, nikupendaye toka benchini mpaka leo,

Chiriku