Majina tisa yaliyorudi

Jumanne, jioni

...na mwenye makosa ni mi, si mashini.

Asubuhi tulitoa kwa kompyuta listi ya bunga, posho ya unga ya batu ba kazi ba kambi ya Kapata. Jina la mwisho lilikuwa Zongwe, lakini chini yake mashini ikaandika tena majina tisa yaliyokwisha kuandikwa juu. Shefu akanipigia kelele: "Mama Ilunga, hawa batakula mara mbili?"

Nilicheka, halafu nikafungua programu. Mashini inasoma bande, utepe wenye majina, kipande kwa kipande, sawa mama wa soko anavyopima bunga kwa meka, kopo lake la kupimia. Kipande cha mwisho hakikujaza meka. Majina ya kipande kilichotangulia yalibaki humo, na mi nikamwaga yote.

Tata Tshibangu, aliyeandika hii programu, aliweka mustari wa kuhesabu herufi ngapi zimeingia, ili zitoke hizo tu. Mi niliufuta juzi, niliuona wa bure.

Nimeurudisha. Shefu anatabasamu. Mashini ikigoma tena, sijui nitamuuliza nani.

Mwezi uliopita balimufukuza Tata Tshibangu, bakamupandisha treni ya Kasai, eti si mutu wa hapa. Jina lake nililifuta kwa listi ya bunga mi mwenyewe. Kesho Kapata yote itapata bunga kwa mustari wake.