Sijamtoa Atija

Dada Nazira,

Natumai mko wazima huko mjini Pemba. Hapa Quitunda, tulikohamishiwa kupisha mradi wa gesi, mihogo imeanza kushika.

Shemeji, mumeo, alileta karatasi za mahakama, ili Atija awe mtoto wenu kisheria. Akaniambia, "Babake keshakubali, wewe unangoja nini?" Nikamjibu, "Mimi sijafa, shemeji. Mama naye huulizwa." Sikutia saini.

Nilipougua, ulimnyonyesha binti yangu. Kwa maziwa hayo ni mwanao, hakuna wa kukunyang'anya. Aendelee kukaa kwako, asome. Lakini kumtoa moja kwa moja, hapana, dada yangu.

Nasikia umemzoesha kuniita mama mdogo. Nakuja Idi. Kabla sijafika, mwambie nani alimzaa.

Mdogo wako akupendaye,
Zainabo