Mpira Ameingia

Mandewa, Singida
8 Juni 2003

Mwanangu Emilian,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku alizeti tumekwisha kuivuna.

Kompyuta ya mtumba imefika salama, pamoja na ile programu inayoifanya ijigeuze mashine ya michezo ya zamani. Kijiti cha kuchezea ulichokiongezea mpini wa mwiko kinamfaa sana Mzee Marko. Mkono wake uliolegea hukisukuma kidogo tu, na mchezaji wa mpira kwenye skrini hukimbia, kama ulivyoahidi.

Unajua kwamba tangu apatwe na kiharusi hakuwahi kutamka neno. Jana mchana alifunga bao, akapaza sauti: "Mpira ameingia!"

Tangu tuoane nimekuwa nikimsahihisha kwamba mpira umeingia, wala si ameingia. Naye alikuwa akinijibu, "Mwalimu, hapa si darasani." Jana alinigeukia akanitazama, akisubiri nimsahihishe.

Nikamwambia, "Naam, mume wangu. Ameingia."

Ahsante, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako.

Shangazi yako,
Severina