Wendell Atatangulia Siku Moja

Nyumba Na. 1417, Mtaa wa Larkspur,
Sacramento, California.
12 Oktoba

Mpendwa Bibi Fumie,

Basi, kama nilivyokuwa nakueleza Jumapili kabla simu haijakatika, viti vilikuwepo na havikuwepo. Lakini ngoja kwanza, nisije nikaonekana sina adabu. Shikamoo Bibi. Goti linasemaje na baridi ya asubuhi? Majivu ya mlima bado yanakuchafulia nguo ulizoanika? Sisi huku wazima kabisa, na mimi nimenenepa kidogo kwa raha ya ndoa. Kila nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama mwehu.

Najua kwenye simu ulielewa kwamba safari imekufa. Haikufa, Bibi. Sijasahau kuwa tarehe thelathini na moja Baba mdogo Tetsuya anakuja kukuhamishia kwake Fukuoka, na nyumba itafungwa. Nilikuahidi nikiwa msichana mdogo, tukiwa tumekaa pale barazani, kwamba atakayenioa nitamleta alale katika nyumba hiyo. Goti lilikuzuia kuja harusini, kwa hiyo mwenye deni la safari ni mimi.

Uliniuliza mara mbili kama hayo mambo ya kadi za Wendell ni kamari. Sivyo. Benki inakupa kadi ya mkopo, na kila ukinunua kitu kwa kadi hiyo unapata pointi. Mwezi ukiisha unalipa deni lote, usibakize hata senti, la sivyo riba itakula faida yako. Pointi zikiwa nyingi unazihamishia shirika la ndege, nalo linakupa kiti. Wewe unalipa kodi za uwanja tu. Kadi moja inapendelea chakula, nyingine mafuta ya gari, nyingine safari, na Wendell anazijua zote kama wewe unavyojua matuta yako ya viazi vitamu.

Unakumbuka tulikutana kwenye kliniki ya meno ninapopokea wagonjwa? Nilimuuliza atalipa kwa kadi au taslimu. Akatandaza kadi saba mbele yangu kama mcheza karata, akasema, "Samahani dada, jino mnalihesabu kama matibabu au kama chakula?" Nilicheka mpaka daktari akatoka kuangalia kuna nini. Nadhani nilimpenda palepale.

Tukienda kula na watu, bili haigusi mtu mwingine. "Nipeni mimi hela zenu, kadi yangu ilipe!" Mama mkwe humwambia, "Wewe mtoto, siku nikifa utamuuliza mchimba kaburi kama anapokea kadi." Naye hujibu, "Mama, nilishamuuliza."

Harusi nayo ilipita kwenye kadi: ukumbi, keki, maua, hata viatu vyangu. Tulipokuwa tunacheza dansi yetu ya kwanza akaninong'oneza, "Mke wangu, kila sahani wanayokula hawa inatusogeza kwa bibi yako." Bibi, nani mwingine ana mume wa namna hii?

Sasa lile balaa. Kila Jumamosi asubuhi, wapenzi wa pointi wa hapa mjini hukutana kwenye mgahawa mmoja wa chapati za maji, na Wendell ndiye huwafundisha wageni. Somo lake la kwanza ni hili: piga simu uhakikishe kiti kipo, ndipo uhamishe pointi, kwa sababu zikishahamia kwa shirika hazirudi tena benki. Basi jioni moja mwezi uliopita akaona kwenye kompyuta viti viwili vya kwenda Tokyo, vile vya mbele vya kulala. Akaniita, nikaja na povu la vyombo mikononi, tukakumbatiana, na katika kukumbatiana huko akabonyeza. Pointi zote zikahama. Alipopiga simu, yule dada wa shirika akamwambia, "Pole kaka, mimi huku sioni hata kimoja." Vilikuwa viti hewa. Kwenye skrini vimo, ndegeni havimo.

Alikaa chini, sakafuni jikoni. Akasema, "Nilikuwa nakutazama wewe, sikuitazama sheria." Ningemkasirikiaje mtu huyo?

Jumamosi iliyofuata rafiki yetu Marlene, mkongwe wa kundi lile, alicheka hadi akashika mbavu. "Mwalimu mwenyewe kafeli mtihani! Leo nalipa mimi, hizo kadi zako zipumzike." Wendell akamwachia bili, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha Marlene akatupa moyo. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, ila haya yenu yamemwagikia ndani ya ndoo. Pointi hazikupotea, zimekwama tu kwa shirika moja. Shirika hilo likiona ndege inakaribia kuondoka na viti vitupu, huvifungulia watu wa pointi zikibaki kama wiki mbili. Tusubiri.

Tukasubiri, Bibi, huku nikihesabu kimoyomoyo siku za nyumba yako. Jumapili nilipokupigia hatukuwa na kitu.

Jana asubuhi vikafunguliwa! Lakini kimoja ni cha Alhamisi tarehe 24, na kingine Ijumaa. Viwili pamoja hakuna. Safari hii Wendell alipiga simu kwanza, akamuuliza yule dada mara tatu, "Unakiona kwa macho yako?" mpaka dada akamwambia, "Kaka, nikikaribia zaidi nitakikalia." Alitaka mimi nitangulie, kwa kuwa bibi ni wangu, lakini Alhamisi kliniki haina mtu mwingine wa mapokezi. Kwa hiyo anatangulia yeye. Kurudi tumepata pamoja, nyuma kabisa karibu na choo, na sijali hata kidogo.

Kwa hiyo Ijumaa jioni atabisha hodi kwako mwanamume mrefu mwenye masikio mekundu. Ndiye. Kwa lugha yetu anajua "asante" na "tamu" tu. Mpe jembe akuchimbie viazi, mgongo anao. Sokoni mpe sarafu mkononi, maana Bi Sadako wa mboga hapokei kadi na huyu atamuuliza tu. Siku nzima utakuwa naye peke yako, Bibi. Usije ukaninyang'anya mume!

Nisalimie Bi Sadako, Baba mdogo Tetsuya na mkewe Yoshie, na umwambie Baba mdogo asifungashe godoro la chumba cha nyuma kwanza. Mama mkwe anakusalimu sana. Mungu akulinde, alilinde na hilo goti, mpaka tukushike mkono.

Jumamosi tarehe 26 nitaingia kwa mlango wa jikoni kama zamani. Mwezi huu hautaisha hatujalala wote watatu chini ya paa lako.

Mjukuu wako akupendaye, sasa na mume,
Natsuko