Wamekifuta Kisima Changu

Jumanne, Mkata

Nina miaka themanini na mbili. Nimewazika wote niliochimba nao kisima cha kambi ya mkonge kule Korogwe, na hakuna aliyenishinda sururu.

Mjukuu wangu Zaina, mwalimu, aliyaandika hayo kwenye kamusi elezo ya mtandaoni zamani ilipoanza, kila mtu akijiandikia. Leo kapiga simu: "Babu, wameyafuta. Wanataka chanzo."

Nikamjibu chanzo ni chemchemi iliyo chini, niliifikia mwenyewe.

Akacheka. "Chanzo ni kitabu, babu! Yule Mzungu mwenye shamba la mkonge aliandika kitabu, basi wameandika kachimba yeye."

Yule hata ndoo hakushika. Nikifa, ndiyo itabaki hivyo?

Shahidi wangu pekee aliyebaki hai ni Mama Asha wa Kang'ata, aliyetupikia. Jana nilimsalimia, akaniuliza mimi mtoto wa nani.