Maji ya Jaruba la Talib

Ziwani, Chumbi
12 Januari 2025

Kaka Talib,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mguu wa mama bado unavimba ikifika jioni. Wifi hajambo? Na watoto? Nimekupigia simu tangu juzi, kila nikipiga unakata. Basi nimeandika, maana barua haina pa kubonyeza.

Najua umenuna kwa ajili ya mkutano. Wenye mradi wa bonde walinichagua nielimishe watu wa huku, wakanipa fulana na kofia, na kazi yenyewe ni kusema. Nimesema kweli. Ukishatia mbolea ya kukuzia, jioni ileile unafungua tuta la jaruba lako la mpunga maji yatoke, eti mbolea ni moto, isipopoozwa na maji yanayopita itaunguza mpunga. Kumbe usipoziba wiki nzima, kama tulivyofundisha, nusu yake inakimbilia huku ziwani. Badala ya kukuza mpunga wako inakuza ukoga. Maji yamekuwa kijani kama mlenda, asubuhi perege wanaelea matumbo juu, na unajua mimi na wanangu tunaishi kwa hao perege ninaokaanga. Tukipata msimu mwingine kama huu, nahama.

Wanaofanya hivyo ni wengi, si wewe peke yako. Lakini ningemtaja mtoto wa watu wangesema nina chuki. Nimekutaja wewe kwa kuwa wewe ni wangu. Njoo basi, nitakuwekea kambale.

Mdogo wako,
Muzdalifa

Shambani, Chumbi
15 Januari 2025

Muzdalifa,

Marahaba. Huku wazima. Mama mkande mguu kwa maji ya moto na chumvi.

Umesema nusu, nusu umeificha. Mkwe wangu, Mzee Abdurahmani, alitoka Ikwiriri kuja kunitazama, akakaa benchi la mbele. Mbele yake mtoto wa mama yangu akanyanyua chupa ya maji machafu, akasema, "Haya yametoka kwa kaka yangu." Mimi kwa mkwe hata kukohoa naona haya. Tangu siku ile hajanywa maji kwangu.

Ungenifuata hapa kwenye dungu langu la kuamia ndege ukaniambia, ningekusikia. Umechagua kipaza sauti. Jaruba ni langu, mbolea ni yangu. Kambale mle wenyewe.

Kaka yako,
Talib

Shambani, Chumbi
24 Februari 2025

Mdogo wangu Muzdalifa,

Mmeamkaje tangu tutawanyike msibani? Baba mdogo Sufiani Mungu amrehemu. Mama apumzike sasa, amelia sana. Mimi nimelala vizuri, jambo ambalo sikulitarajia.

Naandika kwa kuwa pale matangani sikutaka unione nacheka. Nimekaa na mkwe wangu tunasubiri wali, nani analeta maji ya kunawa? Zebedayo, Mnyamwezi yule ambaye ng'ombe wake wanakunywa hapo kwako. Na mtani msibani haulizwi. Ananiinamishia ndoo, maji kijani, yananuka. "Nawa, Mndengereko. Umeyapika mwenyewe, leo unaogopa kuyashika?" Nikatamani ardhi ipasuke. Kumtazama mkwe wangu, mzee wa watu anacheka mpaka kofia imemvuka. Hajawahi kucheka mbele yangu tangu nimuoe binti yake.

Nikanawa. Nikamuuliza Zebedayo mbona amesahau kuyasifu mavi ya ng'ombe wake, maana nayo yamo humo. Watu wakacheka upya. Basi tumepeana neno mbele ya mkwe: yeye atachimba birika la kunyweshea mbali na ziwa, na mimi nikitia mbolea naziba jaruba mpaka ile wiki mliyoifundisha iishe.

Ungeniambia wewe, ningekuchukia. Kaniambia mtani, nimenawa. Lakini najua nani alimjazia ile ndoo, usinidanganye. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Waambie jirani zako walete makapu.

Kaka yako,
Talib

Ziwani, Chumbi
6 Machi 2025

Kaka yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mama anafunga, nimemkataza hasikii. Wifi mpe pole ya jikoni.

Ndoo niliijaza mimi, na nilichota pale panaponuka zaidi. Nisamehe la mkutano, lakini la ndoo siombi msamaha. Birika la Zebedayo limekwisha, ng'ombe wanalizoea. Sasa majirani zako wote wanakutazama wewe. Mpunga wako ukistawi na jaruba limezibwa, nao wataziba. Ukiharibika, hakuna atakayenisikiliza tena, na ziwa ndiyo basi.

Mdogo wako,
Muzdalifa

Dunguni, Chumbi
20 Machi 2025

Mdogo wangu,

Saumu inaendaje? Mguu wa mama? Huku tupo. Simu imelowa, ndiyo maana hunipati.

Jumapili nilitia mbolea, nikaziba. Mvua ikaanza, na mpaka leo haijakatika. Jaruba la juu ninaona ncha za mpunga. La chini hata ncha sizioni. Wenzangu wote wamefungua, wanapita wananiuliza kama nimerogwa. Nawaambia Muzdalifa amesema wiki, na wiki haijaisha.

Mpunga ukizama hivi unaoza, na ndicho chakula chetu cha mwaka. Mke wangu hasemi nami. Ninaogopa, sitakuficha. Lakini uliniambia macho yote yako kwangu, na mwanzo nilikudharau kwa jambo la haki. Sitaki nikudharau mara ya pili. Sijafungua.

Kaka yako,
Talib

Ziwani, Chumbi
21 Machi 2025

Kaka,

Leo salamu zitangoja. Fungua maji.

Fungua kabla hujamaliza kusoma. Nani amekutuma uzamishe mpunga kwa ajili ya mdomo wangu? Wiki ile ni ya mvua za kawaida, gharika haimo. Nilitakiwa kulisema hilo mkutanoni, nikawa nimeshughulika na chupa yangu. Kosa ni langu na nitakuja kulisema kwa kipaza sauti kilekile, mkwe wako akiwa benchi la mbele.

Mbolea iliyobaki ije huku. Ukoga ukiota nitauzoa. Perege wakifa, wengine watazaliwa, na wasipozaliwa nitauza maandazi. Ila wewe na wanao mlale njaa ili mimi nisiaibike, hilo siliwezi, kaka. Ziwa nalipenda, lakini halijanibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Wewe umenibeba.

Barua hii anakuletea Zebedayo kwa miguu, njia imejaa maji. Nimempa na jembe. Akikuta unabisha atakata tuta mwenyewe, ni mtani, humshitaki popote. Kesho mimi na wanawake wa huku tunakuja na miche ya mpunga, tupandikize palipooza.

Usihangaike kunijibu. Nimesimama hapa mtaro unapoingilia ziwani. Maji yako yakifika, nitajua umenisikia.

Mdogo wako,
Muzdalifa