Chupa ya Nne

Karatu,
Jumamosi, 11 Juni 1983

Mdogo wangu Hilari,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini baridi ya huko juu hotelini, ukingoni mwa kreta, hujaiachia mwili. Huku ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Kikohozi cha mama kimepungua, na mahindi ya shamba la Qurus yamekauka vizuri, tutavuna mwezi ujao.

Jambo jipya kuliko yote niliambiwa jana na mkuu wa kituo cha polisi mwenyewe: Sebastiani wa hotelini kwenu hatoki rumande mpaka chupa ya nne ipatikane. Nilimwuliza mara ya pili ili nisikosee. Alirudia maneno yaleyale.

Najua umesikia kwamba alikamatwa, lakini sijui umesikia kiasi gani, maana salamu zangu mbili hukuzijibu. Kwa hiyo naeleza tangu mwanzo. Jumanne ya tarehe 31 Mei, siku mbili baada ya kile chakula cha mchana tulichokula kwake, polisi walifika kupekua. Unajua hali ilivyo tangu msako wa wahujumu uchumi uanze: watu wanazika sabuni shambani, na wengine wametupa vitenge mtoni. Kwa Sebastiani walikuta chupa tupu tatu za divai ya Ulaya, ya Italia, ya Ureno na ya Ujerumani. Alieleza kwamba aliachiwa na yule daktari Mjerumani wa misheni aliyemaliza mkataba, na sista mmoja alikwenda kituoni kuthibitisha. Hizo tatu zimekubalika. Mkuu wa kituo anasema aliyeleta habari alitaja nne. Ikiwa moja imefichwa, basi lipo sanduku zima ilikotoka, na mwenye sanduku ni mlanguzi. Cresensia anampelekea mumewe uji kila asubuhi. Uji wanaupokea, yeye haruhusiwi kumwona.

Mjini hapa hukumu imekwisha kutolewa. Wanasema aliyepeleka habari ni Shaabani. Wanasema asiyekunywa ndiye anayekumbuka, na kwamba mwenye duka lisilo na sukari lazima ajikombe kwa wakubwa. Juzi nilikaa barazani kwake asubuhi nzima. Waliokuja walitazama rafu, wakatazama uso wake, wakaondoka bila kununua hata kibiriti. Aliniambia kwamba amekaa Karatu tangu barabara ikiwa ya ng'ombe, na hajawahi kusalimiwa kwa kidevu kama wiki hii.

Mimi sikumwondoa mtu yeyote kwenye hesabu, hata Cresensia, kwa sababu ndoa nazo zina mambo yake. Wapo wanaonitaja mimi pia, eti mwandishi wa gazeti halali bila kupeleka habari mahali. Mezani tulikuwa watu watano, nawe unatukumbuka. Kwa hiyo nilirudi kwenye meza ile, nikaipitia tena kama ninavyopitia habari kabla ya kuituma Dar es Salaam.

Sebastiani alichoma mbuzi. Shaabani alikuja na mchele, na hatukumwuliza ameutoa wapi. Sebastiani akasema leo tutakunywa kama walimu wa hoteli za Ulaya wanavyowapima wanafunzi wao, bila kuona, kwa sababu macho ni waongo, yanakunywa karatasi ya chupa kabla ulimi haujagusa. Shaabani, kwa kuwa hanywi, ndiye aliyekwenda jikoni kuzivisha chupa stokingi za kuchezea mpira. Cresensia alimtania kama haogopi kushika haramu, naye akajibu, "Mimi nazivisha nguo tu, shemeji. Dhambi mnameza ninyi."

Chupa ya kwanza mimi nilisema Ufaransa, mkanicheka, ikavuliwa, ikawa Italia. Ya Ureno Sebastiani aliipata kwa kunusa tu. Ya Ujerumani uliipata wewe, na alikupigia makofi, akasema hakupoteza muda wake aliposimama mbele ya meneja kukuombea kazi. Kisha ikaja ya nne, katika stokingi nyekundu. Ulikunywa, ukasimama. Ulisema hii ni Ufaransa, na anayebisha arudi kwenye togwa. Sebastiani akacheka mpaka akakohoa, akakuambia, "Keti, bwana mdogo, ngoja ivuliwe." Lakini Land Rover ya hoteli ilikuwa inapiga honi barabarani. Ukachukua koti, ukaondoka.

Stokingi ikavuliwa ulipokuwa bado unapanda gari. Hilari, ilikuwa divai ya Dodoma. Sebastiani aliinunua kwa fedha yake na kuichanganya humo makusudi, atukamate. Cresensia alicheka akamwaga mchuzi. Tukakubaliana kwamba asikuambie mtu hata mmoja mpaka utakapokuja tena, tukucheke ana kwa ana. Hiyo chupa polisi waliiona pamoja na nyingine. Mkuu wa kituo anaiita ujanja, imewekwa pale kujazia idadi.

Jana nilimwuliza mkuu wa kituo, huyo mtoa habari alisema nini hasa kuhusu hiyo ya nne. Jina hakunitajia, wala sikumwuliza. Alinijibu kwamba mtu huyo alisema ya nne ilikuwa ya Ufaransa, ndani ya stokingi nyekundu.

Shaabani aliivisha kwa mikono yake. Cresensia aliimimina, nami niliisoma karatasi yake ilipovuliwa. Katika dunia hii yupo mtu mmoja tu aliyeiona stokingi ile nyekundu na bado anaamini ndani yake mlikuwa na Ufaransa.

Mama amenisimulia kwa furaha kwamba tarehe mosi ulikabidhiwa funguo za baa, zile alizokuwa akizishika Sebastiani. Ananiuliza kila siku kwa nini huji kumwonyesha. Sijamwambia neno, na sikuulizi sababu, kwa kuwa naiona. Ninalokutaka ni dogo. Uende ukaseme kituoni kwamba uliondoka kabla haijavuliwa, na kwamba Ufaransa ilikuwa kinywani mwako tu. Ukisema wewe, Sebastiani atarudi kwa mkewe na Shaabani atasalimiwa. Nikisema mimi, nitalazimika kutaja jina.

Mama anakusalimu, na Cresensia pia, maana naye hajajua. Barua hii anakuletea Hhando, dereva wenu, pamoja na mboga za hoteli. Atashuka tena Jumanne saa kumi jioni, na nimemwomba kiti cha mbele kisikaliwe na mtu. Maelezo yangu nimepangiwa kuyatoa kituoni Jumatano, tarehe 15, saa tatu asubuhi.

Ni mimi kaka yako,
Bonifasi